Rangi Haikaushi Ukuta
Kila muhula mwenye hosteli yetu hapa Kikoni, Kampala, hupaka rangi mpya juu ya kuvu, kisha hupandisha kodi. Mvua za Machi hazijaisha, madoa meusi yamerudi. Eti kosa letu, tunaanika nguo chumbani! Nguo gani hizo zinazolowesha ukuta kutoka sakafuni hadi usawa wa magoti tu? Maji yanatoka ardhini, yanapanda ndani ya matofali kwa kuwa msingi haukutandikwa nailoni ya kuyazuia. Rangi ya mafuta huyafungia humo humo. Lipu ibanduliwe, maji yazuiwe chini, ukuta ukauke wiki nyingi. Likizo ya Juni na Julai ipo. Ninayeishi naye ana pumu, na kitanda chake kinagusa ukuta huo.