Kombi bila paa? Taratibu, mshikaji!

Wiki hii tuko ufukweni. Masela kibao wamechanganyikiwa na picha za Kombi za zamani zilizofyekwa paa: milango hakuna, viti vya kusuka, turubai la kivuli juu, muziki nyuma, warembo wamejipanga kama wako kwenye boti. Ni bomba, hilo sibishi. Hata mimi roho inanidunda.

Wazo lenyewe wala si geni. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Ghia ya Torino, Italia, ilikuwa inachukua Fiat ndogo, inakata paa na milango, inaweka viti vya kusuka na kitambaa chenye matamvua juu. Ikaitwa Jolly. Matajiri waliibeba kwenye boti zao za starehe. Wakifika bandarini wanaishusha, wanateleza nayo ufukweni.

Kasheshe iko kwenye Kombi. Wengi wanadhani paa ni kofia, unavua unatembea. Thubutu! Kombi haina chesisi ya kujitegemea kama lori. Bodi na sakafu vimeunganishwa, vinabebana. Ukifyeka paa na nguzo zake, sanduku limegeuka sinia. Shimo moja tu, linajikunja katikati. Cheki Beetle ya wazi, ile iliyoundwa na Karmann kule Ujerumani kuanzia 1949: waliiongezea vyuma chini mpaka ikawa nzito kuliko ndugu yake mwenye paa!

Kwa hiyo fundi bodi akija na msumeno kabla hajachomelea vyuma vya kukaza, mwambie akanywe chai kwanza. Muulize na mikanda ataifunga wapi, maana gari likibiringika, kilichobaki juu ya vichwa vya washikaji zako ni turubai. Na chumvi ya bahari je? Maji yakituama sakafuni, kutu inakula kimyakimya.

Ningekuwa nayo mimi, nisingefyeka. Kombi aina ya Samba, iliyoanza kutoka 1951, ilikuja na turubai la kukunja katikati ya paa na vidirisha kwenye kingo zake. Unafungua, jua linaingia, upepo unaingia, nguzo zote zipo. Demu wako akitaka kusimama apunge mkono, asimame. Gari likiwa limepaki, lakini!