Raia Hawajizoeshi Kiingereza Chini ya Risasi

Kuna mwandishi anayedai askari wetu wa Kenya waendao kulinda amani ng'ambo wafundishwe Kiingereza tu: ndiyo lugha ya redio na ripoti, na raia wa huko watajizoesha.

Redio na ripoti, sawa. Umoja wa Mataifa huwapima polisi Kiingereza au Kifaransa kabla ya kuwapokea. Lakini raia wajizoeshe? Upuuzi mtupu. Juni 2024 polisi wetu walitua Port-au-Prince, Haiti, mji wa wasema Kikrioli. Mama anayekimbia risasi ajizoeshe saa ngapi? Goma, Kongo, Novemba 2022, wanajeshi wetu walikuta wenyeji wanaoongea Kiswahili. Kiingereza cha nini pale sokoni?

Mwandishi huyo aje Lunga Lunga, mpakani na Tanzania, aone lugha ya wenyeji inavyofanya kazi. Kwenye kizuizi cha barabara ya Horohoro, askari humwuliza bibi kwa Kiswahili amebeba nini. Bibi akijibu kwa Kidigo, kijana wa bodaboda hudakia na kutafsiri. Gunia linafunguliwa: mihogo. Bibi anakwenda zake.

Eti lugha ya wenyeji inakula muda! "Simama", "inua mikono", "nani ameumia?" Hayo hayahitaji miaka. Kiingereza kibaki darasani, ila anayekwenda Haiti afundishwe Kikrioli, wa Somalia Kisomali, na walimu wawe wenye lugha hizo.