Mpinzani Asiyeonekana: Baina ya Ghushi na Dhana Mbaya

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Wazazi wametuletea swali juu ya michezo ya simu, ambayo vijana wetu hupambana na watu wa mbali wasiowajua. Kijana akishindwa, au akishinda kwa wepesi asioutarajia, husema: "Huyu si mtu, ni bot." Mzee aliyezoea kupanda boti Mokowe huenda akashangaa, lakini neno hili si la baharini. Ni programu ya kompyuta iliyovishwa jina na sura ya mchezaji, ikatiwa mchezoni kana kwamba yuko mwanadamu anayeiendesha. Sisi tutaiita roboti. Wazazi wanauliza: je, pana ubaya, maadamu ni mchezo tu?

Shaka ya vijana haikuzuka bure. Mwezi wa Septemba 2019 kampuni ya Epic Games ilitangaza kuwa itaingiza roboti katika mchezo wa Fortnite, na mwaka 2020 waundaji wa PUBG wakatangaza mfano wa hayo. Sababu yao ina uzito: anayeanza akikutanishwa na mabingwa hushindwa mara moja akakata tamaa, basi huwekewa wapinzani dhaifu apate kujifunza. Hilo peke yake si aibu. Achezaye sataranji na kompyuta anajua fika anacheza na nani.

Lakini kutangaza kwamba roboti wamo ni jambo moja, na kumwonyesha mchezaji yupi roboti na yupi mtu ni jambo jingine. Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alipita penye rundo la chakula, akatia mkono ndani, akakuta majimaji. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume akamuuliza mbona hakukiweka juu kilichorowa watu wakakiona, kisha akajitenga na mwenye kughushi. Funzo tulipatalo ni kwamba lawama ilikuwa katika kuficha. Kijana anayejiona shujaa kwa kuwashinda watu mia, kisha akatoa fedha za M-Pesa kununua mavazi na silaha za mchezoni, ana haki ya kujua ni wangapi katika mia hao waliokuwa watu.

Ghushi hii haiko kwa makampuni pekee. Wako wachezaji wanaotumia programu iwachezee wao wenyewe. Katika mchezo wa World of Warcraft ilikuwako programu iitwayo Glider, iliyomchezea mwenyewe hata akiwa hayupo, nayo ikazua kesi katika mahakama za Marekani. Mtoto anayefanya hivyo amechukua cheo asichokitolea jasho, akawadhulumu waliokesha. Tusimsifu kwa werevu.

Sasa tugeukie upande wa pili, ambao wengi husahau. Vijana wana alama zao za kumtambua roboti: husimama kama mti, hukimbia njia moja tu, hupiga risasi zisizompata mtu, hajibu asemeshwapo. Lakini mtoto wa Faza au Kizingitini ambaye mtandao wake umekatika naye husimama kama mti. Aliyeanza kucheza jana naye hukosa shabaha. Asiyejua lugha ya wenzake naye hanyamazi kwa kiburi. Alama hizo basi zaonyesha udhaifu, wala hazithibitishi kuwa nyuma yake hamna mtu. Surat al-Hujurat, aya ya 12, inatuonya tujiepushe na dhana nyingi, kwa kuwa baadhi yake ni dhambi. Anayemtukana mpinzani kwa kudhani ni roboti huenda amemtukana Muislamu mwenziwe wa kisiwa cha pili, na haki ya mtu haidondoki kwa sababu uso wake haukuonekana.

Ama michezo ya kuwekeana fedha, huko swali hili halina kazi. Kamari haihalaliki hata ikithibitika kuwa mpinzani ni binadamu.

Nasaha yetu kwa wazazi ni nyepesi. Ketini na mtoto mumuulize anacheza na nani na analipia nini. Asitoe fedha kwa ajili ya ushindi asioujua umetoka kwa nani. Akiwa na shaka juu ya mchezaji, aripoti kwa njia iliyowekwa ndani ya mchezo, na ulimi auzuie. Kisha mpelekeni barazani akajifunze bao kwa wazee wetu wa Amu, ambako mpinzani yuko mbele ya macho na kete zahesabika. Huko atajifunza kushindwa na mtu, kisha akampa mkono.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.