Baraza ya Nyumbani: Mume, Mke na Baisikeli Mbili

Mwezi huu twaziweka kando habari za bustani, maana imetufikia barua ya bibi mmoja wa Bunda, nasi tumeona vema tuijibu hapa mbele ya wote. Jina lake tumelificha.

Yeye na mumewe wametia nia kwenda kwa baisikeli toka Dar es Salaam hata Butiama. Wamenunua motokaa kuukuu iliyokuwa ya kuchukulia abiria, wakang'oa viti vya nyuma, wakatia godoro, jiko la gesi na madumu ya maji, hata imekuwa kama chumba kinachokwenda. Mwenye kuiendesha ni shemeji yake, ndugu mdogo wa mume. Lakini hapa ndipo ilipo taabu. Mume asema kwamba apandaye baisikeli ni yeye. Mkewe akae garini, atangulie mbele, apike na kungoja. Naye bibi anayo baisikeli yake, na kila siku huenda nayo sokoni. Wakwe wameongeza neno lao, ya kwamba mke kupanda baisikeli katika njia kuu, machoni pa watu, ni aibu kwa ukoo. Sasa hawasemezani vizuri nyumbani. Auliza, “Nitii au nishindane?”

Safari yenyewe si ya upuzi. Miaka hii ya karibuni wapanda baisikeli wamekuwa wakitoka Dar es Salaam mpaka Butiama katika msafara uitwao Twende Butiama, kumkumbuka Mwalimu Julius Nyerere, aliyefariki tarehe 14 Oktoba 1999. Ni mwendo wa zaidi ya kilometa 1,300, na magari huwafuata yakichukua mizigo na maji. Naye Mwalimu mwenyewe aliijua njia hii kwa nyayo zake. Alipokuwa mtoto alitoka Butiama kwenda kusoma Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Na Oktoba 1967 alitembea kwa miguu toka Butiama mpaka Mwanza, maili 138, kwa ajili ya Azimio la Arusha. Mwaka huo huo kijana Seti Benjamin alifariki njiani, akitembea toka Arusha kwenda Dar es Salaam kwa ajili ya Azimio hilo hilo. Twalitaja jambo hili kusudi mtu asidhani kwamba njia ndefu ni mchezo kwa kuwa tu mwenyewe ana moyo.

Tena mume na mke kusafiri hivi pamoja si jambo jipya. Fanny Bullock Workman wa Marekani na mumewe William, aliyekuwa tabibu, walipita Aljeria, Hispania na Bara Hindi kwa baisikeli katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, kila mmoja juu ya baisikeli yake. Wakati ule barabara nyingi zilikuwa za vumbi, na bibi alivaa sketi ndefu. Mume alikuwa amempita mkewe kwa miaka 12, wala hatukusikia kwamba heshima yake ilipungua.

Sasa tuje kwa wakwe. Twawaheshimu, lakini twauliza. Mwanamke ashukapo kilimani na mzigo wa kuni kichwani, na mtoto mgongoni, nani husema ni aibu? Apandapo toka ziwani na ndoo ya maji, watu humsifu kuwa mke mwema. Basi mwili ule ule, katika njia ile ile, ukikaa juu ya magurudumu mawili, aibu imetoka wapi? Ikiwa neno ni mavazi, suruali pana chini ya gauni fupi yatosha, na mnyororo wa baisikeli ufunikwe usishike nguo. Na mume naye twamwuliza kwa upole, Je, bwana, ni aibu uiogopayo, au ni kuachwa nyuma kwenye kilima?

Kwa hiyo jibu letu ni kwamba bibi asitii, wala asishindane. Amwombe mumewe wafanye safari ndogo ya kujipima kabla ya ile kubwa. Watoke Bunda mpaka Musoma, toka Musoma mpaka Butiama, kisha warudi nyumbani. Jumla haitimii kilometa 200, na siku tatu zatosha bila haraka. Wasiende mwezi wa Aprili, maana ni masika. Juni au Julai yafaa.

Siku ya kwanza waondoke Bunda alfajiri mara kuonekanapo njia. Sababu ni upepo. Jua likisha kupanda, upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, nao waendao Musoma hupata shida nao katika kipande cha mwisho, waliposhika njia ya kushuka ziwani. Afadhali wawe wamefika kabla ya adhuhuri, wale samaki. Siku ya pili toka Musoma mpaka Butiama ni kama kilometa 45, lakini ni kupanda, maana ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na Butiama iko juu zaidi. Hapo ndipo mume na mke watakapojuana. Mmoja atakuwa na pumzi, mwingine hana. Mwenye pumzi asitangulie akapotea machoni. Na aliyechoka aseme amechoka, wala asichekwe. Wakifika Mwitongo, penye kaburi la Mwalimu, wapumzike hata kesho yake.

Habari ya motokaa yataka maneno zaidi, kwa kuwa twaona nusu ya ugomvi imo ndani yake. Watu wengi hudhani gari lifuate nyuma polepole. Katika njia kuu ya Mwanza na Musoma, ambamo mabasi hupita kwa kasi, gari linalotambaa huwafanya wengine walipite kwa pupa, na wakirudi upande wao huwakuta wapanda baisikeli. Sisi twapenda gari litangulie kilometa 15 hivi, lisimame kando kabisa ya njia chini ya mti, lingoje. Maji yawe ya kutosha, kwa mtu mmoja nusu lita hata lita nzima kwa saa penye jua, na chumvi kidogo katika chakula. Usiku wasipande kabisa. Na katika ile safari kubwa, wakitoka Mwanza, wakumbuke kwamba kati ya Lamadi na Bunda njia yapakana na Serengeti penye lango la Ndabaka. Wanyama huvuka, basi hapo si mahali pa kutandika mkeka.

Na jiko? Jiko liwe la zamu. Siku ya kwanza apike bibi, siku ya pili bwana, siku ya tatu shemeji, ambaye hakuna aliyemwuliza neno lo lote ingawa gari ni yeye anayeliendesha. Yeye ni kijana. Asikae siku nyingi chini ya miti akilinda sufuria. Apewe fedha yake ya kazi mkononi, na siku moja mume akae kwenye usukani ili ndugu yake apande baisikeli. Hapo mume atajua kungoja ni kazi ya namna gani. Atatazama njia, ataona vumbi, atahesabu malori, atafikiri mabaya yote yaliyowapata walio nyuma.

Jambo la mwisho ni la ile safari kubwa. Watokao Mwanza hupita Bunda kabla ya Butiama. Watapita karibu na mlango wao wenyewe, wamechoka, watoto wakiwapungia mikono, na Butiama ingali mbele. Wapatane mapema kama watalala kwao usiku ule au watapita. Jambo hili wasilingoje mpaka njiani.

Bibi atuandikie wakisha kurudi toka Butiama, naye mumewe atie maneno yake chini ya barua hiyo hiyo.