Mafuta ya bwati ya vitesi: mashoferi wa Mudaka wasome namba ya GL mbele ya neno "sentetiki"

MUDAKA, Kabare — Mtu anayepanda taksi hapa Mudaka kwenda Bukavu, ao upande wa pili kwenda Miti na Kavumu, anaangalia matairi, anauliza bei, kisha anatafuta pa kuweka mfuko wake. Hakuna anayeuliza mafuta gani yamo ndani ya bwati ya vitesi. Na shoferi mwenyewe, mara nyingi hajui. Gari ilifika na mafuta yake kutoka Japani ao Dubai, na tangu siku hiyo kifuniko cha bwati hakijafunguliwa. Mafuta ya moteri yanabadilishwa, maana moteri ikikauka inalia. Bwati inavumilia, inavumilia tena, mpaka siku vitesi ya pili inakataa kuingia.

Kwa familia zilizokimbia vita, jambo hili si la garaji peke yake. Mwezi wa pili mwaka wa 2025, vita iliposhuka kutoka Nyabibwe, huko Kalehe, ikafika uwanja wa ndege wa Kavumu na mji wa Bukavu, watu walipita kwenye barabara hii ya taifa nambari 2 kwa miguu, kwa pikipiki na kwa gari zilizojaa godoro, sufuria na watoto. Gari kama hiyo haipaswi kukwama katikati ya mlima. Tena kuna hatari kubwa kuliko kukwama. Gari iliyobeba mzigo ikiteremka, shoferi anaishikilia kwa vitesi ndogo ili freni zisiungue. Vitesi ikiruka yenyewe kwenye mteremko, zinabaki freni tu. Kila anayetumia barabara ya nambari 3, ile inayoachana na hii pale Miti na kupanda msitu wa Kahuzi-Biega kuelekea Bunyakiri, anajua freni peke yake ni kitu gani huko.

Sasa ukifika kwa muuzaji wa vipuri, neno utakalosikia kwanza ni "sentetiki". Sentetiki ni nzuri, sentetiki ndiyo ya wazungu, chukua sentetiki. Neno hilo si la uongo, lakini linawapoteza watu, kwa sababu linawafanya walipe makuta mengi bila kusoma namba mbili ndogo zilizoandikwa nyuma ya bidoni. Ya kwanza ni GL-4 ao GL-5. Ya pili ni ile ya 75W-90 ao 80W-90.

Tuanze na GL, maana hapo ndipo bwati nyingi zinakufa. Ndani ya bwati kuna pete ambazo mafundi wanaziita sinkro. Kazi yake ni kulinganisha mwendo wa meno kabla hayajashikana, ndiyo maana vitesi inaingia bila kupiga kelele. Katika gari nyingi, pete hizo zimetengenezwa kwa shaba ya njano. Mafuta ya GL-5 yaliundwa kwa ajili ya difransiyeli, mahali meno ya chuma yanasuguana kwa nguvu nyingi sana, kwa hiyo yametiwa dawa nyingi za salfa na fosfori. Dawa hizo zinalinda chuma. Lakini kukiwa na joto, dawa za namna hiyo zinaweza kula shaba. Tena zinafanya sinkro iteleze kupita kiasi, na sinkro isiyoshika haiwezi kufanya kazi yake. GL-4 ina dawa hizo kidogo zaidi, karibu nusu yake.

Basi fikiria shoferi aliyejinyima wiki nzima akanunua bidoni ya sentetiki ya bei, imeandikwa GL-5, akaimimina katika bwati iliyohitaji GL-4. Amelipa zaidi ili aharibu gari polepole. Mwenzake aliyenunua GL-4 ya kawaida, ile ya madini isiyo sentetiki, lakini bidoni imefungwa vizuri, amefanya vema kumpita.

Ni haki kusema pia kwamba si gari zote ziko sawa. Toyota nyingi, na hizo ndizo zimejaa hapa kwetu, kitabu chake kinakubali GL-4 ao GL-5. Kuna gari zingine ambazo kiwanda kiliagiza mafuta ya moteri ndani ya bwati. Na gari ya vitesi za otomatiki ina mafuta yake mbali kabisa, habari hii haiihusu. Kitabu cha gari ndicho mkubwa. Kama kitabu kilibaki Japani, ao kimeandikwa Kijapani, basi fundi anayeijua aina ile ya gari aulizwe kabla ya muuzaji, maana muuzaji anauza kile alichonacho kwenye rafu.

Namba ya pili inaeleza uzito wa mafuta. Ile yenye W inahusu baridi, ile ya 90 inahusu joto la kazi. Na hapa kuna jambo la kuchekesha kidogo: mafuta ya 75W yanapimwa kwenye baridi ya digrii 40 chini ya sifuri, na 80W kwenye digrii 26 chini ya sifuri. Mudaka kuna baridi asubuhi, mama anajifunika kitenge mara mbili, lakini barafu hatujaiona. Kwa hiyo sifa ile ya sentetiki ya kutiririka vizuri kwenye baridi kali, mtu wa Kabare anailipia bila kuitumia sana. Tena namba 90 isiwatishe wale waliozoea 40 na 50 za moteri. Vipimo hivyo ni viwili tofauti. 90 ya bwati ni karibu sawa na 40 ao 50 ya moteri.

Je, sentetiki haina faida hapa? Inayo. Inavumilia joto vizuri zaidi, haichoki haraka, na gari inayopanda na kuteremka siku nzima na mzigo inapasha bwati sana. Mwenye makuta ya kununua sentetiki ya 75W-90 yenye GL-4 anunue bila wasiwasi. Asiye nayo achukue 80W-90 ya madini yenye GL-4, kama kitabu kinaikubali, na aibadilishe mapema zaidi. Kinachopaswa kukataliwa ni yale mafuta ya kupimwa kwa chupa kando ya barabara, yasiyojulikana yalikotoka. Hapo namba haiko, na jina haliko.

Halafu kuna swali ambalo watu wanalikwepa: nani alipe? Katika taksi nyingi shoferi anampelekea mwenye gari feza kila jioni, na kinachobaki ndicho chakula cha watoto wake. Tangu mabenki yafunge milango Bukavu mwaka wa 2025, feza yenyewe imekuwa ngumu kuipata. Kumwambia shoferi wa namna hiyo anunue mafuta ya bwati kwa mfuko wake ni kumwambia asinunue. Bwati ni mali ya mwenye gari. Gari ndogo nyingi zinachukua lita mbili mpaka tatu hivi, na hazibadilishwi kila mwezi kama ya moteri. Mwenye gari anayekataa lita hizo tatu leo atanunua bwati nzima kesho, na kati ya leo na kesho hiyo abiria ndio wanaopanda na hatari.

Dalili zinaonekana mapema kwa anayetaka kuziona. Vitesi inakwaruza kuingia asubuhi. Fimbo inarudi yenyewe katikati. Mafuta yakimwagwa yanang'aa vumbi la njano: hiyo ndiyo shaba ya sinkro inayokwenda. Yakiwa meupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, jambo la kawaida kwa gari inayovuka matope na madimbwi. Na yakishatoka yasimwagwe kwenye mfereji, maana mifereji ya huku inaishia ziwani.

Jambo moja la mwisho kwa mafundi vijana, kwa sababu kosa hili ni jepesi kufanya. Gari isimame mahali palipo sawa, na kifuniko cha kujazia, kile cha ubavuni, kifunguliwe kwanza, mbele ya kile cha chini cha kumwagia. Kile cha juu kikiwa kimeshika kutu na kukataa, gari bado ina mafuta yake ya zamani na inaweza kurudi nyumbani. Ukianza na cha chini, cha juu kikagoma, abiria watamaliza safari kwa miguu na mizigo kichwani.