Kidaka cha bafuni chaleta hesabu mpya kwa wasafirishaji wa vigae

Lori la vigae vilivyotengenezwa Chalinze, mkoani Pwani, likiwa na cheti cha uasili wa bidhaa linaweza kuvuka Rusumo kuelekea Kigali bila kulipiwa ushuru wa forodha. Lori hilo hilo likiongezewa katoni chache za mozaiki kutoka China zilizoandikwa ovyo kwenye nyaraka, shehena nzima inaweza kusimama mpakani ikisubiri uhakiki.

Mzigo mchanganyiko wa aina hiyo ndio anaouhitaji mteja anayetaka bafu la kisasa: ukuta wa vigae vikubwa, mkanda wa urembo, sakafu ya mozaiki na kidaka cha sabuni kilichojengwa ndani ya ukuta. Kwa mfanyabiashara, bafu hilo si bidhaa moja. Ni bidhaa nne zenye asili tofauti na kodi tofauti.

Hesabu ya shawa moja

Chukua shawa yenye upana wa sentimita 90 na urefu wa mita 1.2, inayowekwa vigae kuta tatu hadi kimo cha mita 2.1. Kuta hizo zina mita za mraba 6.3. Ukiongeza asilimia 10 kwa ajili ya kukata na kuvunjika, unapata karibu mita 7. Kwa vigae vya sentimita 30 kwa 60 vinavyofungwa vinane kwa katoni, hizo ni katoni tano.

Urembo ni mdogo zaidi. Sakafu ina mita ya mraba 1.08, mkanda wa sentimita 15 kuzunguka kuta tatu unachukua 0.45, na mgongo wa kidaka 0.18. Jumla ni mita 1.71, yaani karatasi 21 za mozaiki za sentimita 30 kwa 30 pamoja na akiba.

Jengo la ghorofa lenye shawa 24 za namna hiyo litahitaji katoni 120 za vigae vya ukutani, uzito usiofika tani tatu, na karatasi 504 za mozaiki ambazo hazifiki tani moja. Sehemu hiyo ndogo ndiyo mteja anayoichagua kwa jicho, na ndiyo inayomletea mwuzaji faida nzuri kwa kilo. Ndiyo pia yenye matatizo mengi ya nyaraka.

Kidaka huanza kabla ya plasta

Kidaka si kitu kigeni katika ukanda huu. Nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18 zilikuwa na safu za vidaka ukutani. Tofauti ni kwamba kidaka cha bafuni hukaa penye maji, na kosa lake huonekana upande wa pili wa ukuta.

Ukuta wa tofali la inchi 6 una unene wa sentimita 15 tu. Kidaka chenye kina cha sentimita 10 huacha sentimita 5. Kwa hiyo nafasi yake hupangwa wakati ukuta unajengwa, mbali na mabomba, na vipimo vyake hufuata vipimo vya kigae ili fundi asilazimike kukata vipande vyembamba pembeni. Sakafu ya kidaka huinamishwe kidogo kuelekea nje, na dawa ya kuzuia maji ipakwe kabla ya gundi, kwani vigae na grauti peke yake havizuii maji kupenya.

Sakafuni nako kuna sababu ya kutumia vipande vidogo. Mteremko wa takriban asilimia 2 kuelekea kwenye tundu la maji hufuatwa kwa urahisi na mozaiki, na viungo vingi hupunguza utelezi. Kigae cha ukutani kinachong'aa hakifai kukanyagwa na mguu wenye maji, hata kama bei yake inavutia.

Maana yake kibiashara ni moja. Zamani oda ya vigae ilikuja mwishoni mwa ujenzi. Penye kidaka, kigae lazima kijulikane kabla ya kuta kukamilika. Mwuzaji anayeongea na fundi na mchora ramani mapema anapata wiki kadhaa za kuagiza kwa meli. Anayengoja mteja aje dukani baada ya plasta analazimika kununua kilichopo, kwa bei ya aliyenacho.

Asili mbili ndani ya lori moja

Tangu kiwanda cha Keda kilipoanza uzalishaji Kajiado, Kenya, mwaka 2016, na vingine kufuata Chalinze na Mkuranga nchini Tanzania na Kapeeka nchini Uganda, kigae cha kawaida kimekuwa bidhaa ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tarehe 1 Julai 2022 Jumuiya ilianza kutumia kiwango cha juu cha asilimia 35 cha Ushuru wa Pamoja wa Forodha, na bidhaa za kauri ni miongoni mwa zilizowekwa humo.

Hivyo pengo ni kubwa. Mozaiki za kauri zenye thamani ya dola 1,000 zikifika bandarini hulipiwa ushuru wa dola 350, kisha VAT ya asilimia 18 juu ya dola 1,350, yaani dola 243. Jumla ni dola 593 kabla ya tozo nyingine. Kigae chenye cheti cha uasili hakina ushuru huo wa kwanza.

Kosa linalowagharimu wengi ni kudhani cheti kinafunika lori zima. Cheti hufuata bidhaa, si duka wala jina lililo kwenye katoni. Hata cheti kilichorahisishwa kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 ni kwa bidhaa za ndani ya Jumuiya tu. Mozaiki ya China iliyonunuliwa Kariakoo haigeuki kuwa ya Tanzania kwa kupakiwa Dar es Salaam.

Mozaiki zenyewe hazifanani. Ya kauri iko kwenye fungu la forodha 6907, ya kioo 7016 na ya mawe 6802. Ankara inayoandika "vigae vya urembo" peke yake inamwachia ofisa wa forodha kazi ya kuamua. Ni salama zaidi kila aina kuwa na mstari wake, na mzigo unaokwenda Rwanda au Uganda kutangazwa hivyo tangu bandarini, chini ya utaratibu wa Himaya Moja ya Forodha. Anayeuingiza kwanza kama wa Tanzania na kuupeleka mbele baadaye anajiweka kwenye hatari ya kulipa mara mbili.

Mizani na namba ya tanuru

Kwa msafirishaji, kigae hujaza uzito kabla ya kujaza nafasi. Kwa kilo 20 kwa mita ya mraba, tani 28 ni mita 1,400 tu, na bodi ya lori bado inaonekana tupu. Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2016 inaruhusu tani 50 kwa gari la ekseli sita na 56 kwa ekseli saba, lakini kila kundi la ekseli lina kikomo chake. Katoni za urembo zikirundikwa nyuma kwa kuwa zimechelewa kuja, lori linaweza kuwa halali kwa jumla na kukamatwa kwa ekseli.

Jambo jingine ni namba ya rangi na ya kipimo iliyochapishwa kwenye katoni. Vigae vya matanuru tofauti hupishana kidogo, na kwenye kidaka tofauti hiyo huonekana mara moja. Oda moja isigawanywe kwa mizigo miwili bila kuhakikisha namba zinalingana.

Nchi wanachama huweza kuruhusiwa kutumia viwango tofauti vya ushuru kwa muda, na mabadiliko hutangazwa katika Gazeti la Jumuiya kuelekea Julai mosi kila mwaka. Anayempa mteja bei mwezi Mei kwa mzigo utakaofika Agosti anapaswa kuandika kwenye mkataba nani atabeba tofauti hiyo.