Tuiandike Kesho kwa Kiswahili

Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru wake, roketi ilifyatuliwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimikwa baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Jukwaa lilikuwa la Waitaliano, setilaiti ilikuwa ya Wamarekani, na kwa heshima ya siku ile setilaiti ikapewa jina la Uhuru. Hicho ndicho chombo cha kwanza kupelekwa angani kwa kazi moja tu, kuchunguza miali ya eksirei itokayo kwenye nyota. Kiliorodhesha vyanzo zaidi ya 300 vya miali hiyo, na kikawasaidia wanasayansi kukichunguza kitu kiitwacho Cygnus X-1, ambacho leo kinahesabiwa kuwa shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeiongoza kazi hiyo, alitunukiwa Nobeli ya Fizikia mwaka 2002.

Ndugu msomaji, tukio la namna hii lilistahili riwaya. Mtoto wa mvuvi anaona moto ukipanda juu ya maji, anauliza kile ni nini, na haachi tena kuuliza mpaka mvi zinamwota. Lilistahili pia kitabu cha katuni cha kusomwa shule za msingi kuanzia Lamu hadi Mtwara. Badala yake habari hii imekaa katika vitabu vya wataalamu, kwa lugha za watu wengine, na wako vijana wa pwani hiyohiyo wanaomaliza kidato cha nne bila kuisikia hata mara moja.

Leo nataka kusema na waandishi, wachapishaji, walimu na wazazi kuhusu bunilizi za sayansi, yaani zile hadithi zinazolichukua jambo la sayansi na kuuliza: je, likifika mbali zaidi ya hapa lilipo, sisi binadamu tutaishije? Hadithi hizi tunazipokea kila siku kutoka nje, kwa filamu, kwa katuni za Kijapani, kwa michezo ya simu. Kuziandika wenyewe kwa lugha yetu ndiko tunakokusitasita, na nasema kusitasita huko kumetugharimu vya kutosha.

Msiniambie wasomaji hawapo. Nendeni jioni kwenye kibanda umiza chochote cha Dar es Salaam, Manzese au Tandika. Mabenchi yamejaa mpaka wengine wamesimama mlangoni, pazia limeshushwa, feni inazungusha joto lilelile. Kwenye kioo ipo filamu ya Kimarekani ya roboti waliogeuka kuwawinda waliowaunda, lakini sauti inayosikika ni ya dijei wa Kiswahili. Amepunguza maneno ya wazungu mpaka yakawa mnong'ono, na juu yake anasimulia yeye: steringi ameingia mtegoni, adui anamsubiri ghorofani, huyu mnayemwona si mtu, ni mashine iliyovishwa ngozi ya mtu. Vijana wanapiga kelele kumwonya steringi. Marehemu Lufufu alijijengea jina Tanzania kwa kazi hii, kama DJ Afro alivyojijengea lake Kenya. Hawa hawakungoja kamusi wala kikao cha wataalamu. Ilipohitajika kueleza mtu anayesafiri kurudi nyuma katika wakati, waliieleza safari hiyo kwa Kiswahili cha mtaani, na fundi seremala akaelewa, na dereva wa bodaboda akaelewa, tena walilipa kiingilio ili waisikie.

Basi wasikilizaji wapo, na pesa yao wanaitoa. Kinachokosekana ni hadithi iliyozaliwa hapa, ambayo ndani yake steringi anaitwa Mwanahamisi na mji unaookolewa ni Tanga.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya si ya utamaduni wetu. Hawa nawajibu kwa heshima, lakini nawajibu. Wazee wetu wa pwani walizisikiliza hadithi za Alfu Lela Ulela, na mle ndani yumo farasi wa mbao anayeruka kwa kuzungushwa kitufe, chombo kilichoundwa na fundi, wala si jini. Hakuna aliyemwambia bibi asimsimulie mjukuu wake farasi yule eti kwa sababu hakuundwa Pangani.

Na si kweli kwamba riwaya ya Kiswahili haijathubutu. Mwaka 1995 Katama Mkangi, msomi wa elimu ya jamii kutoka pwani ya Kenya, alitoa riwaya ya *Walenisi*. Mhusika wake Dzombo amehukumiwa kufa, na anatiwa ndani ya chombo cha kumpeleka kwenye mauti yake. Hakukaa akangoja. Akakisoma kile chombo, akajifunza kukiendesha, kikamfikisha nchi ya mbali ambako watu wanaishi kwa usawa, na kila anachokiona huko kinamlazimisha kuitazama upya nchi iliyomhukumu. Mkangi mwenyewe aliwahi kutiwa kizuizini enzi za utawala wa Moi. Alijua uzito wa kusema wazi, na alijua pia kwamba ukimpandisha msomaji chomboni ukampeleka mbali, kutoka kule ataiona nyumba yake yote, mpaka nyufa alizozizoea. Kwa maoni yangu hiki ni miongoni mwa vitabu vya ujasiri mkubwa katika lugha yetu. Kina miaka mingi sasa. Swali langu kwa wachapishaji ni hili: wako wapi wadogo zake? Tulikitahini darasani, tukawauliza wanafunzi dhamira na mbinu za lugha, tukakirudisha kabatini. Ni wanafunzi wangapi walioambiwa baada ya kukisoma, haya, sasa nawe kaandike safari yako?

Linganisheni na walivyofanya ndugu zetu wa filamu. Mwaka 2009 Wanuri Kahiu wa Kenya alitengeneza *Pumzi*, filamu ya dakika ishirini hivi tu. Dunia imepigana vita vya maji, nje ni jangwa, na watu waliobaki wanaishi ndani ya mji uliofungwa. Hakuna tone linalopotea humo: jasho na mkojo vinasafishwa na kunywewa tena, na umeme unatokana na miguu ya watu wanaokimbia juu ya mashine. Asha, mtunzaji wa makumbusho, anatumiwa udongo na mtu asiyemjua. Anaupima, anaukuta una unyevu, anapanda humo mbegu ya kale, na mbegu inachipua. Wakubwa wanamnyima ruhusa ya kutoka nje. Anatoroka na mche wake jangwani, anaupanda, anaumiminia maji yake ya mwisho na kuukinga jua kwa mwili wake mwenyewe.

Mama anayeamka saa tisa usiku kupanga ndoo bombani hahitaji kufafanuliwa filamu hii. Lakini angalieni jambo moja linaloniuma: kichwa cha filamu ni chetu, mji wake ungeweza kuwa wetu, kiu yake ni yetu kabisa, ila mazungumzo yake ni ya Kiingereza. Simlaumu Kahiu. Msanii huenda inakopatikana fedha ya kutengenezea filamu, na matamasha hayakuwa yakingoja Kiswahili. Nawalaumu wenye uwezo hapa kwetu ambao hawakumfungulia mlango mwingine. Na kwamba njia ipo, imeshaonekana: *Supa Modo* ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018, inamhusu Jo, binti mgonjwa asiye na siku nyingi za kuishi anayetamani kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu, na kijiji kizima kinashirikiana kumtengenezea filamu yake. Wahusika wanaongea kama watu wa Kenya wanavyoongea, Kiswahili kikiwemo, na ilianza kuonyeshwa katika tamasha la Berlin bila mtu kuiona ina upungufu.

Kuna *Neptune Frost* pia, ya mwaka 2021, iliyotengenezwa na Saul Williams na Anisia Uzeyman na kupigwa Rwanda. Mchimbaji wa koltani anakimbia machimbo baada ya ndugu yake kuuawa, na anakutana na kundi la vijana wadukuzi waliojijengea kijiji kwa mabaki ya kompyuta. Kiswahili kimo mle pamoja na Kinyarwanda, Kirundi, Kifaransa na Kiingereza. Hapa ndipo ninapotaka tutulie kidogo. Na si madini ya koltani peke yake: zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, na watu wa Kolwezi wanaoishi juu ya madini hayo ni wasemaji wa Kiswahili. Betri ya gari la umeme linalosifiwa Ulaya inaanzia kwenye shimo ambalo mchimbaji wake anamwita mwenzake kwa Kiswahili, anasali kwa Kiswahili, na kifusi kikiporomoka anaomba msaada kwa Kiswahili. Ikiwa hao si watu wa kuandikwa katika hadithi za teknolojia, ni nani basi? Tumekubali kuwa chanzo cha vifaa vya kesho. Tusikubali kukosekana katika masimulizi yake.

Wako wanaoniambia: tuna njaa, tuna kodi, watoto hawana madawati, nawe watutaka tukae kuwaza roboti. Ndugu, mwaka 2007 M-Pesa ilipoanza Kenya, mama muuza samaki wa Kisumu aliweza kupokea fedha kutoka kwa mwanawe aliye Mombasa bila kuikanyaga benki. Mtu angeliandika jambo hilo mwaka 1990 tungemwita mwotaji. Na hakuna aliyeliandika mapema akatuuliza maswali ya kutuandaa: simu ikiwa ndiyo pochi, itakuwaje kwa mtu asiye na kitambulisho? Mkopo unaotolewa na mashine usiku wa manane utamfanya nini kijana mwenye tamaa? Namba zetu, madeni yetu na majina ya ndugu zetu vikishikwa na kampuni, vitatumikaje siku tukishindwa kulipa? Maswali haya tulianza kuyauliza baada ya watu kuaibishwa mbele ya kila namba iliyomo katika simu zao. Mwandishi wa bunilizi za sayansi kazi yake ni kuuliza kabla. Njaa si sababu ya kumnyamazisha. Aliye na njaa ndiye anayepunjwa kwanza na chombo kipya asichokielewa.

Sasa nirudi kwa katuni, kwa sababu ndiko mtoto anakoanzia. Kizazi kizima Tanzania kilijifunza kusoma kwa hamu kupitia gazeti la *Sani*, kikimfuata Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge, kama waliotangulia walivyomfuata Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la *Uhuru*, na Wakenya Juha Kalulu wa Edward Gitau katika *Taifa Leo*. Mwaka 2010 Kenya ikazaliwa *Shujaaz*, katuni ya Kisheng ya kugawiwa bure, iliyowekwa ndani ya gazeti na kwenye vibanda vya kutuma pesa. Humo yumo kijana DJ Boyie aliyejiundia kituo cha redio chumbani kwake na kuteka mawimbi, na kupitia redio hiyo vijana waliambizana juu ya kilimo, biashara ndogo na haki zao. Ilishinda tuzo ya kimataifa ya Emmy mwaka 2012, na baadaye ikavuka hadi Tanzania kwa Kiswahili. Nani atasema tena kwamba katuni ni upuuzi? Mwalimu anayelichana gazeti la katuni mbele ya darasa anachana karatasi pekee ambayo mtoto yule ameisoma bila kulazimishwa. Nawasihi walimu: litwaeni kama lazima wakati wa hesabu, mrudishieni wakati wa mapumziko, na mwulizeni kilichotokea ukurasa wa mwisho.

Wazazi nao nawaomba jambo moja. Kijana wako anayekesha akichora watu wenye macho makubwa mfano wa katuni za Kijapani hajapotea. Mnunulie penseli na karatasi nzuri. Kisha mwambie amchore msichana wa Kigoma anayeunda chombo cha kusafisha maji ya Ziwa Tanganyika, uone kama hatamaliza daftari zima.

Kwa waandishi vijana sina maneno mengi, maana nyinyi mmeshaanza. Nawaona mkiuza riwaya kwa sehemu katika makundi ya WhatsApp, msomaji akituma fedha kwa simu ndipo apate sehemu inayofuata. Soko hilo mmelijenga wenyewe bila mchapishaji. Nyingi ya hadithi hizo ni za mapenzi, usaliti na uchawi, na sizikatai. Lakini jaribuni pia bahari inayopanda na kumeza mashamba ya minazi. Jaribuni mji wa Dar es Salaam ambao mabasi yake yanajiendesha, na kondakta aliyekosa kazi anafanya nini siku ya kwanza. Jaribuni mashine inayoiga sauti ya marehemu baba na kuwapigia simu wanawe waliogombana kwa ajili ya urithi. Tuzo zipo pia za kuwania: ya Safal na Cornell ilianzishwa mwaka 2014 kwa ajili ya fasihi ya Kiswahili, na Tanzania ipo Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Pelekeni miswada ya namna hii huko, na waamuzi waipokee kwa uzito uleule wanaoipa riwaya ya kijiji.

Nanyi wahariri wa magazeti yetu, mliowahi kuwakesheza wasomaji kwa hadithi za mfululizo mpaka watu wakagombea nakala vituoni, fanyeni hivi. Tengeni ukurasa mmoja wa Jumapili. Mpeni mwandishi mmoja na mchoraji mmoja, sura moja kila wiki, kwa mkataba ulioandikwa, na malipo yao yaingie kwenye simu zao kabla sura ya pili haijaenda mtamboni.